Nusu ya Falaji Ipi?

Mpwa wangu Rahma ameanza kufundisha darasa la nne huko Sur vuli hii, na juzi alinipigia simu kuniuliza nilikuwa nikifanyaje nilipofika kwenye sehemu: nusu, thuluthi, robo na jamaa zao. Nikamwambia simu haitoshi, nitamwandikia. Akaniomba iwe kwa Kiswahili, kwa sababu Kiarabu anakishiba skuli kutwa, na kwa sababu anao wenzake wawili pale, nao watoto wa watu wa Unguja na Pemba kama sisi, ambao wangependa kusoma. Basi haya ni yenu nyote watatu. Mkiona mahali nimerefusha, jueni nimestaafu mwisho wa mwaka wa masomo uliopita na sina kengele ya kunikatiza.

Mambo ya vyeo siyaandiki. Vyeo vyote nilivyopata vimo kwenye majalada, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia kumnyamazisha mtoto wa darasa la kwanza.

Nyumbani kwetu miezi hii tunaiita vuli, jina ambalo wazee walikuja nalo kutoka Unguja, ingawa hapa Ibra vuli nyingi hupita bila tone. Mama yangu mpaka leo, ukifika mwezi wa kumi, hufungua dirisha akaulizia mvua, kama mtu anayemngoja mgeni aliyeandikiwa anwani ya zamani. Kwetu sisi walimu vuli ni joto kupungua, watoto kuanza kusikia unachosema baada ya saa ya mapumziko, wakulima kupanda vitunguu thomu, na kitabu cha hesabu kufika kwenye sehemu.

Siku yangu ya kwanza nilipangiwa Jalan Bani Bu Hassan, darasa la kwanza. Nilikuwa na abaya mpya, kalamu mpya na mpango wa somo niliokuwa nimeukariri mpaka vituo. Sikufika sentensi ya pili. Mtoto mmoja wa mstari wa mbele alitupa jicho dirishani, akamwona mama yake bado amesimama nje, akaanza kulia. Wa pembeni yake akamtazama, akaona lazima kuna sababu, naye akaanza. Haukupita muda darasa zima likawa linalia, mama zao nje wanapangusa macho kwa ncha za mitandio, na mimi ubaoni na mpango wangu wa somo mkononi.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa chumba cha pili, Abla Nawal, Mmisri mwenye sauti ya kufika mtaa wa nyuma. Abla ndivyo watoto wa hapa wanavyomwita mwalimu wa kike, na yeye alikuwa abla wa kila mtu, hata wetu walimu. Aliingia bila ya kubisha hodi, akatangaza kwamba skuli imepoteza viti na anahitaji watu wa kumsaidia kuhesabu. Wakaanza kuhesabu. Kila mtoto alipata idadi yake, wakagombana, wakahesabu tena. Kilio kikaisha. Aliponipita mlangoni akaninong'oneza kwamba mtoto ana mdomo mmoja tu, akihesabu hawezi kulia.

Kwa Abla Nawal nilijifunza zaidi kuliko nilivyojifunza chuoni. Alinikataza kuuliza darasa kama limefahamu. Watasema ndiyo, akanambia, hata kama umewasomea tangazo la mazishi. Mwite mtoto mbele, mpe chaki, mwambie akufundishe wewe. Pale ndipo utakapoona nini kimeingia na nini kimebaki mlangoni.

Mwaka wa pili nilipewa darasa la pili, na vuli ile tulifika kwenye kusoma saa. Nikachora saa kubwa ubaoni, mkono mrefu juu, mkono mfupi kwenye saba, nikasema kwa Kiarabu kizuri kabisa kwamba hii, wanangu, ni saa moja asubuhi. Nyinyi watatu mmeshaelewa. Nimelelewa na mama anayehesabu saa tangu jua linapochomoza, kama watu wote wa Unguja, na asubuhi ile kichwa changu kilikuwa hakijatoka nyumbani. Watoto wakaitikia kwa pamoja, saa moja. Siku ya pili baba mmoja akaja skuli, mtu wa adabu sana, kuuliza kwa nini mwanawe anagombana na saa ya ukutani. Abla Nawal alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akanambia:

"Hukukosea, Asya. Kwenu uko sawa. Sasa rudi ukawaambie watoto kwamba hapa si kwenu jikoni."

Nikarudi, nikawaambia, na wao wakafurahi kupita kiasi kusikia kwamba kuna nyumba hapa Oman ambayo saa moja ni saba. Mmoja aliniomba ruhusa ahamie.

Vifaa vyangu vilikuwa vya jikoni, na nasema hivi kumtia moyo Rahma, aliyenilalamikia kwamba sanduku la vifaa vya hesabu la skuli yake limefika nusu. Mimi kwa sehemu nilitumia kibaba cha mama yangu, kile cha bati alichokuja nacho kutoka Unguja. Vibaba vinne ni pishi moja. Basi kibaba ni robo ya pishi, vibaba viwili ni nusu, na mtoto anaweza kujaza na kumwaga mpaka mkono uchoke. Kitabu kilipendekeza chungwa. Chungwa nililijaribu mara moja. Halikatiki sawa hata siku moja, na anayepata kipande kidogo hasikilizi tena. Mchele nao niliuacha, kwa sababu ulioanguka sakafuni uliwaleta ndege, na ndege walikuwa wazuri kuwatazama kuliko mimi. Nikabaki na mchanga, ambao hapa hauhitaji kuagizwa.

Baadaye nilihamishiwa Al Qabil, kati ya Ibra na Bidiyah, na huko ndiko nilikokaa mpaka mwisho. Al Qabil ni mitende, na mitende ni falaji. Kwa nyinyi mliozoea maji ya bomba: falaji ni mfereji wa tangu zamani unaoyatoa maji chini ya milima na kuyaleta mashambani. Maji hayo huenda kwa zamu. Kila familia ina fungu lake la muda, na fungu moja, ambalo ni nusu saa hivi, huitwa athar. Zamu yako ikifika unaondoa kizibo upande wa shamba lako, maji yanaingia; muda wako ukiisha unaziba, na jirani anafungua upande wake. Mwengine ana athar tatu, mwengine ana nusu, mwengine robo. Watoto wa Al Qabil wanayajua haya kabla ya kujua kufunga viatu.

Nilianza kuwatambua vizuri siku ya somo la misimu. Kitabu kina picha ya vuli: mti mkubwa, majani mekundu, mengine yako njiani kuanguka. Nikauliza wanaona nini. Msichana mmoja akasema mti huu umerukwa zamu. Wenzake wakatazama, wakakubali, na mjadala uliofuata ulikuwa juu ya nani wa kulaumiwa. Nilipowaeleza kwamba ziko nchi ambazo miti hupukutisha majani kila mwaka na haifi, waliniangalia kwa huruma, kama mtu aliyedanganywa na wauzaji.

Sasa nifike kwa Shamsa, ambaye ndiye sababu ya barua kuwa ndefu.

Shamsa alikuja darasa langu la nne miaka michache kabla sijastaafu. Mdogo wa umbo, msemaji, anayewajua mbuzi wa majirani kwa majina na tabia. Alikaa mstari wa pili na Mazna, binti wa ami yake, na wawili hao hawakuachana hata kwenda kunywa maji. Kuzidisha alikuwa hodari. Kugawa alikuwa hodari. Tulipofika kwenye sehemu, akaanguka.

Na aliangukia upande mmoja tu, jambo ambalo lilinisumbua. Mtoto asiyefahamu hukosea ovyo. Leo hivi, kesho vile. Shamsa, ukimuuliza ipi kubwa, nusu au robo, alisema robo. Asubuhi robo, baada ya mapumziko robo, kwa kalamu robo, kwa mdomo robo. Nikafikiri ni lile kosa la kila mwaka, la mtoto kuona nne chini ya mstari akadhani nne imeizidi mbili. Lakini lingekuwa hilo, basi thuluthi nayo ingeishinda nusu, na nilipomuuliza thuluthi na nusu alijibu sawasawa: nusu. Nikampa kibaba na mchanga. Akapima mwenyewe, akaona, akasema nusu. Nikalala vizuri. Siku ya pili kwenye jaribio la kwanza la vuli, ambalo lilijaa nusu na robo za kila namna, nusu ya heka na robo ya heka, nusu ya mkate na robo ya mkate, akaandika robo, robo, robo, kwa mwandiko mzuri.

Skuli yetu ilikuwa na chumba cha msaada, kwa watoto wanaohitaji kufundishwa polepole na peke yao. Sitaki mkisikie vibaya chumba kile. Mwalimu wake alikuwa rafiki yangu na amewatoa watoto wengi gizani. Ila chumba kizuri ni kwa anayekihitaji. Mudira wetu, yaani mwalimu mkuu, alinambia kwamba mkaguzi wa hesabu atakuja wiki itakayofuata, atawasikiliza walioanguka mmoja mmoja, na atakaowaona wazito watahamishiwa kule kwa vipindi vyote vya hesabu mpaka mwisho wa mwaka. Jina la Shamsa lilikuwa la kwanza.

Watoto wanajua mambo haya kabla ya walimu. Nilimsikia kijana mmoja akimwambia Mazna aanze kumzoea jirani mpya, maana Shamsa anakwenda kwa wazito. Mazna alimjibu maneno ambayo siyaandiki, na nikajifanya sikusikia. Lakini Shamsa alisikia. Mkono wake, uliokuwa hauteremki, ukawa hauinuki. Mama yake akanipigia simu kusema kila asubuhi tumbo linamuuma, na akifika skuli limepona, na akirudi halina kitu. Siku moja nikambakisha wakati wa mapumziko nikamuuliza ana nini.

"Kichwa changu kibovu, abla," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Karatasi."

Nilimpa mkate wangu, kwa sababu sikuwa na jambo jengine la kumpa.

Alasiri ile ile nikamwomba mama yake nije kuwaamkia. Hapa kwetu mwalimu akienda nyumbani kwa mtoto haendi kushitaki. Anakwenda kunywa kahawa, na linalosemwa husemwa baina ya kikombe na kikombe. Nikapokewa na mama yake Shamsa na haboba, ndivyo wanavyomwita bibi. Haboba alikuwa mwembamba, mkono wenye pete nne, jicho lisilopitwa. Nilipomwamkia, akasikia Kiarabu changu, akauliza mimi ni wa watu gani. Nikamwambia. Akaitikia kama anayehakikisha tetesi.

"Watu wa Zanjibari. Nyinyi ndio mnaotia sukari kwenye kahawa."

"Chai, haboba. Kahawa tunainywa kama nyinyi."

"Sukari na maziwa," akaendelea, akimtazama mkwewe. "Na tangawizi. Halafu wanashangaa meno."

Akanimiminia kikombe cha pili kabla sijamaliza cha kwanza, na nikajua nimeshapokewa. Yakasemwa ya mitende, ya joto, ya binti wa jirani aliyeolewa Bidbid na sasa anajiona mtu wa mjini. Juu ya Shamsa, mama yake aliuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mtoto ana upungufu. Nikamjibu kwamba bado sijui, na kwamba nimekuja kumuuliza mwenyewe.

Nikamwomba Shamsa anioneshe shamba. Tukatoka pamoja, yeye mbele na kandambili zake. Ilikuwa zamu yao, na maji yalikuwa yakiingia. Nasema yakiingia kwa heshima, yalikuwa yakitambaa. Mwisho wa kiangazi ule falaji ile ilikuwa imechoka, na maji yalifika kina cha kidole. Shamsa alichuchumaa ukingoni akayasukuma kwa kiganja kama anayeharakisha kondoo.

Nikakaa juu ya ukingo. Nikakumbuka chaki ya Abla Nawal. Nikamwambia, "Shamsa, leo mimi ndiye mwanafunzi. Nifundishe. Kwa nini robo ni kubwa kuliko nusu?"

Akanitazama aone kama nacheza. Alipoona sichezi, akachukua kijiti akachora mchangani mistari miwili, mmoja mwembamba, mmoja mpana wa kiganja kizima.

"Hii ndiyo hii tuliyokalia," akaonesha ule mwembamba. "Hapa tuna nusu athar. Na ile ni falaji kubwa, kule kwa babu. Kule tuna robo."

"Endelea."

"Robo ya kule inafika mpaka mtende wa mwisho, na inabaki ya kuoshea miguu. Nusu ya hapa haifiki hata kwenye ndimu." Akanyoosha kijiti kunionesha ndimu, na kweli chini yake palikuwa pakavu. "Haboba kasema nusu mpeni ami Said, robo yangu asiiguse mtu. Kwa hiyo robo kubwa."

Nikaitazama tena ile mistari yake. Yule mtoto hakuwa na upungufu wa kitu. Alikuwa na ziada. Kila nilipouliza nusu au robo, mbele ya macho yake ilikuja mifereji miwili, na akanijibu ukweli wa maji aliouona kwa miguu yake. Thuluthi hawana, ndiyo maana kwenye thuluthi alinijibu kama kitabu. Na kwenye mchanga wa kibaba alijibu vizuri kwa sababu pishi ilikuwa moja, ipo mbele yake, anaigusa. Akiondoka mezani anarudi kwenye falaji zake. Ilikuwa ni saa moja yangu na saba ya kitabu, ila mimi nilikuwa mwalimu, nikachekwa na kusamehewa, na yeye alikuwa na miaka tisa akaambiwa na karatasi kwamba kichwa kibovu.

Nikamwambia kwamba yote aliyosema ni sawa. Akaacha kuchora.

"Ila nikwambie siri ya kitabu," nikasema. "Kwenye kitabu, falaji ni moja."

"Ile nusu na ile robo zinatoka falaji moja?"

"Moja. Siku zote. Heka ni moja, mkate ni mmoja."

Akafikiri. Maji yakapita kidogo.

"Mbona hawakusema?"

Rahma, wewe ndiye uliyeniuliza nilifanyaje, basi jibu langu ni hili. Tangu alasiri ile sikuandika tena nusu ubaoni kabla ya kuchora nzima yake. Kama nusu na robo ni za kitu kimoja, nachora kitu kimoja, kwa rangi moja, na nusu na robo nazitoa ndani yake mbele ya macho yao. Kisha, baada ya wiki moja, watakapokuwa wamezoea, nachora vitu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, nawauliza ipi kubwa, na nawaacha wagombane. Hapo ndipo sehemu zinapoingia. Chukua mikate miwili, ya ukubwa mbalimbali. Chukua kibaba na kikombe cha kahawa. Kwenu Sur watoto wa wavuvi wana mgao wa samaki, waulize wanagawanaje, utasikia mambo. Na mtoto akikosea upande mmoja kila siku, weka chini kalamu nyekundu. Huyo anajua kitu. Kazi yako ni kukifikia.

Mkaguzi alikuja siku iliyopangwa. Alikuwa mwanamke mwenyeji wa Nizwa, mtu wa haki, asiyependa maneno mengi, na walimu tulikuwa tukinyoosha mitandio tukisikia gari lake. Akakaa ofisini kwa mudira, na watoto wakaingia mmoja mmoja. Mimi niliruhusiwa kukaa pembeni kwa sharti la kutosema. Tangu alasiri ya shambani nilikuwa nimekaa na Shamsa kila mapumziko, na alikuwa akijibu vizuri. Lakini kujibu mbele yangu na kujibu mbele ya mgeni mwenye faili ni mambo mawili. Asubuhi ile tumbo lilikuwa limemuuma tena. Mazna alimsindikiza mpaka mlangoni na akabaki nje, ncha za viatu vyake zikionekana chini ya mlango.

Mkaguzi hakupoteza wakati.

"Shamsa. Ipi kubwa, nusu au robo?"

Shamsa akaniangalia. Nikatazama ukutani, kwenye ratiba ya vipindi, kama sijawahi kuiona.

"Falaji moja au mbili, ustadha?"

Nilisikia mudira akivuta pumzi. Akamwambia kwa upole, "Mwanangu, jibu suali tu."

"Suali halijesha," akasema Shamsa. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

Mkaguzi akaiweka kalamu juu ya meza. Aliyajua maji, huyu. Nizwa wana falaji inayotajwa Oman nzima, na mtoto wa Nizwa hakui bila ya kulowa ndani yake. Akamtazama Shamsa kwa muda, namna ya mtu aliyesikia lafudhi ya nyumbani mahali asipotegemea.

"Moja," akasema.

"Nusu."

"Na zikiwa mbili?"

"Nitazame maji kwanza."

Mkaguzi akamuuliza nusu na thuluthi, robo tatu na nusu, zote za falaji moja, na Shamsa akajibu zote, kila jibu kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia. Nikaona viatu chini ya mlango vinarukaruka. Nikadhani tumemaliza. Lakini mkaguzi akaegemea kiti, akakunja mikono, na nikaona kwamba sasa haulizi kwa ajili ya faili.

"Sikiliza, binti. Falaji yetu ya Nizwa ni kubwa. Nikikupa robo ya yetu, na huyu mudira wako akikupa hii yenu ndogo yote nzima, utachukua ipi?"

Nilijikuta natafuta jibu na mimi. Ukisema robo, umekidharau kizima. Ukisema nzima, umeyasahau maji. Mudira naye alikuwa akihesabu, nilimwona midomo.

Shamsa alifikiri akiwa ameinamisha kichwa, kama walivyofikiri wazee wao penye mnada wa zamu za maji.

"Yanapita kwa nguvu, vuli hii?"

"Kwa nguvu."

"Basi kwanza nije niyaone."

Mkaguzi alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, na mudira pia, kwa uso wake, hakuwahi. Akafungua faili, akapiga mstari juu ya jina, akamwambia mudira kwamba huyu habadilishwi chumba, na kama kuna mtu wa kwenda chumba cha msaada ni yule aliyetunga jaribio bila ya kusema heka ya nani. Kisha akamgeukia Shamsa na kumwambia kwamba amealikwa, yeye na mwalimu wake, aje Nizwa atazame maji mwenyewe. Na sasa arudi darasani akakae mahali pake, pembeni ya mwenye viatu vile.

Shamsa akashukuru, akaenda mpaka mlangoni. Mkono ukiwa kwenye kitasa, akageuka. Aliyekuwa amekuja na tumbo linauma hakuwapo tena. Alikuwa yule wa mbuzi na majina yao.

"Lakini isiwe Ijumaa, ustadha," akasema. "Ijumaa tuna zamu."